Chupa Mbili Mbele ya Mheshimiwa

Najua mtacheka. Mstaafu wa miaka thelathini na tatu, meno yote iko, magoti yote inakunja. Lakini kazi ikikuacha umestaafu, hata kama mvi bado haijui jina lako. Mimi nimebeba chanjo ya watoto kwa pikipiki miaka saba, kutoka stoo ya Embu mpaka dispensari yetu huku chini ya Gachoka, kila Jumanne, na sasa sibebi tena. Sista Wawira, nesi wetu, ameniambia niwaandikie nyinyi vijana mnaobeba huko pande zingine. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nane. Akasema, "Kwani nimekuambia uandike na cheti?"

Basi naandika, na naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kiti ya pikipiki. Nikikaa chini mguu inaanza kutetemeka kama injini inataka kuzima. Hii ndiyo pensheni yangu.

Mimi si wa hapa. Nimezaliwa Kiirua, Meru, kule upepo ya mlima inaingia mpaka ndani ya kikombe ya chai. Kwetu ni viazi na kitunguu. Nilishuka huku Mbeere na lori ya viazi nikiwa kijana, lori ikarudi, mimi nikabaki, kwa sababu niliona vijana wa Gachoka wanabeba muguka, yale majani ya kutafuna yanayoshindana na miraa yetu, kwa pikipiki na wanakula nyama katikati ya wiki. Muguka ukichunwa asubuhi inataka kuwa barabarani kabla jua ipande. Ikilala, mbuzi ndiye anunue. Kwa hivyo mtu wa muguka haendeshi pikipiki, anaitupa. Nyumbani kwetu Meru, mahali miraa inafungwa vizuri na majani ya ndizi kama bibi harusi, walisikia nabeba muguka na wakasema nimeasi. Mama aliniambia kwa simu, "Afadhali ungekuwa mlevi." Alikuwa anacheka, lakini si sana.

Siku Sista Wawira alinipata, alikuwa amesimama pale stendi Gachoka na sanduku ya bluu begani, ile ya mshipi, jasho inamtoka. Gari ya kumpeleka Embu haikuja. Akaniangalia kutoka kofia mpaka slipa.

"Wewe ndiye yule Mmeru anakimbiza muguka?"

"Ndiyo Sista, lakini ya leo imeisha."

"Sitaki muguka. Nataka mtu anajua kuna kitu inaharibika."

Hiyo ndiyo ilikuwa intaviu yangu. Wengine wenu mlijaza fomu, mkangoja barua. Mimi niliulizwa kama najua kitu inaharibika, na hiyo peke yake ndiyo nilikuwa najua duniani.

Siku ya kwanza tulipanda naye mpaka stoo. Njiani aliniongelesha nyuma ya sikio safari yote. Usifungue sanduku njiani. Usiiweke juani ukienda kunywa chai. Usinywe chai. Akanionyesha kichupa moja. Kwa karatasi yake kulikuwa na kiduara, na ndani ya kiduara kuna kamraba kadogo keupe. Akasema joto ikiingia, hako kamraba kanaanza kuwa keusi pole pole, na kakifanana na kiduara chake, hiyo dawa imekufa, itupwe. Mimi nilikapenda hako kamraba. Watu wangekuwa nako kwa paji la uso tungejua nani wa kuoa.

Halafu akaniambia mambo ya barafu. Ndani ya sanduku unapanga chupa bapa za plastiki zenye maji yaliyoganda, halafu dawa katikati. Akasema, "Hizi ukizitoa kwa friza usizitie mara hiyo. Ziweke mezani zitoe jasho. Tikisa. Ukisikia maji inacheza ndani, sasa unaweza kupanga." Nikasema ndiyo Sista. Nilikuwa nimesikia na sikio moja, lile lingine lilikuwa nje linasikiza kama kuna mtu anagusa pikipiki yangu.

Sasa ngojeni niwaambie kosa langu. Nilificha muda mrefu, kwa hivyo wacha nilitoe mapema.

Ilikuwa mwezi wangu wa tatu, kiangazi, ile ya Mbeere ambayo hata kuku anatembea akiruka. Nimetoka stoo vizuri, barafu imepangwa na wenyewe, kila kitu sawa. Kufika Gachoka naona jua inachoma mpaka tangi ya petroli haishikiki. Akili yangu ya Kiirua ikaniambia, kijana, hii dawa inataka baridi, na baridi wewe ndiye mwenye baridi, umezaliwa ndani yake. Nikaingia kwa rafiki yangu mmoja ana buchari ya nyama. Nikamwambia nipe barafu. Akanipa vipande vya barafu ngumu kama mawe ya kujenga, kutoka chini kabisa ya friza yake, chini ya matumbo. Nikafungua sanduku, nikazungusha hizo barafu dawa yote, nikajaza, nikafunga. Nikaenda nikiimba.

Nilifika nikijivuna. Nikamwambia Sista, "Leo hata ukitaka kuweka samaki." Akafungua. Akagusa kichupa moja. Akakitoa, akakipeleka kwa mwanga.

Kumbe kuna chanjo joto inaua na kuna ingine baridi inaua, na ile ya sindano ya paja wanayopewa watoto wachanga, ikiganda mara moja tu, imekwisha. Haibadiliki rangi. Hainuki. Kale kamraba hakasemi kitu, kako tu hapo keupe kama malaika, kwa sababu kenyewe kanajua joto peke yake. Ukimdunga mtoto analia sawasawa, anavimba sawasawa, mama anaenda nyumbani amefurahi. Na mtoto hajapata kitu.

Sista alichukua chupa moja ya zangu na moja ya zamani ya kufundishia, haijawahi kuganda. Akatikisa zote mbili pamoja, akaziweka kwa dirisha, akaniambia, "Kaa hapa uangalie." Nikakaa. Zote zilikuwa kama maji ya uji. Baada ya muda, yangu ikaanza kukatika katikati. Juu ikawa maji safi, chini ikaketi kitu kama unga. Ile ingine ilikuwa bado imechanganyika vizuri. Sista akasema, "Dawa imeachana na maji. Hawarudiani."

Nje kulikuwa na akina mama kama ishirini. Sista alitoka akawaambia, "Pole, dawa haikufika salama, rudini wiki ijayo." Hakusema ni nani. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nikijifanya natengeneza mfereji wake. Kulikuwa na mama moja anaitwa Ciarunji, anatoka ng'ambo ya mto, saa mbili na nusu kwa miguu, mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono. Alifungua leso, akafunga tena, akaanza kurudi. Nilimwangalia mpaka akapotea.

Sista hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri. Aliniletea tu kitabu ya stoo na kalamu, akasema, "Hapa. Andika wewe: zimeganda." Hilo ndilo neno la kwanza niliandika tangu mtihani wa darasa la nane. Tangu siku hiyo usingizi yangu ni ya kuku. Nikifunga sanduku nafungua, natikisa barafu sikioni, nafunga, nafungua tena. Mtu wa stoo aliniuliza kama naongea na hizo barafu. Nikamwambia zenyewe ndizo zinaongea.

Lakini shida kubwa haikuwa mimi, hata kama mimi ni shida. Shida ilikuwa dispensari haina friji ya chanjo. Dawa inakuja Jumanne na mimi, inadungwa Jumanne, inayobaki inarudi Jumanne. Mtoto akiletwa Jumatano, hata mama ametembea kutoka ng'ambo ya mto, hakuna. Na mvua ikikata barabara Jumanne, wiki imeisha.

Sasa hapa kwetu mkiwa na shida mnafanya nini? Harambee. Mtu amekufa, harambee. Mtoto ameitwa chuo, harambee. Kanisa imepasuka ukuta, harambee. Mwenyekiti wa kamati ya dispensari ni Mzee Njiru, mwalimu wa zamani, mtu anatembea na chaki mfukoni mpaka leo. Alisimama kanisani akasema aibu hii haiwezi kuendelea. Na watu wakatoa jamani. Wengine pesa, wengine kuku, mayai, mbuzi ikanadiwa mara tatu na mwenye kununua akairudisha inadiwe tena. Hata Ciarunji alileta pojo kwa kikombe. Mimi nilitoa jogoo.

Friji ikaja kwa pikapu imefungwa riboni. Nyeupe, ndefu, milango miwili, ya juu friza, ya chini ya kawaida, taa ndani. Ilitoka duka la vyombo vya nyumba. Watu walipiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mzee Njiru alibandika mlangoni karatasi ya majina ya wote walitoa, ameandika kwa mkono wake, mstari umenyooka. Sista akasema, "Asanteni sana. Mungu awabariki." Akageuka kwangu, akasema polepole, "Kirimi, hii ni ya maziwa."

Hakuna mtu alikuwa ameuliza. Kuna friji za chanjo kabisa, za kufungulia juu, zinashika baridi siku mingi hata stima ikienda. Hii ya nyumba, stima ikipotea inakuwa kabati. Stima ikirudi, ina hasira, inagandisha kila kitu iko nyuma.

Na kitu ya harambee ina wenyewe. Haikumaliza wiki mbili, Sista akapata soda za kamati ya harusi. Halafu nyama ya mbuzi. Mzee mmoja alileta maziwa ya mgeni wake, Sista akamwambia hapa ni pa dawa, mzee akamwonyesha mlango, "Soma. Jina langu ni la nne." Sista alisoma. Ilikuwa ya nne kweli.

Kwa hivyo Sista aliendelea kuweka chanjo kwa sanduku yangu, friji ikawa ya kugandisha barafu tu, na hakuna mtu aliambiwa. Lakini akaenda likizo, akaja nesi wa kushikilia, akaona friji nzuri imesimama, akaweka dawa ndani. Mtu yeyote angeweka. Stima ikaenda, ikarudi. Sista kurudi, akatikisa, akaangalia dirishani, akatupa karibu zote. Akabakisha moja ya kufundishia. Na bado Mzee Njiru hakuambiwa. Utamwambia mtu aje kwamba sadaka yake ndiyo iliua dawa?

Wakati huo huo stoo ikaanza kukauka. Naenda Embu naambiwa ya surua haijafika. Wiki ijayo, haijafika. Nikauliza mtu wa stoo ni nini, petroli? Akasema hapana, juu kabisa. Wale wa nje wanaosaidia serikali kununua chanjo wanaondoa mkono kidogo kidogo, kwa sababu nchi yetu sasa imetajirika. Niliangalia slipa zangu. Akasema serikali nayo inatakiwa iweke yake, na ikichelewa kuweka, meli haingoji. Siku hiyo nilishuka na sanduku imejaa barafu peke yake. Nimebeba barafu kilomita hizo zote kupelekea watu ambao hawajaomba barafu. Akina mama wakarudi nyumbani tena. Ciarunji aliniuliza, "Mmeru, sasa ni nini?" Nikasema, "Ni serikali mama." Akasema, "Hiyo serikali ina miguu? Mimi niko nayo, inauma."

Sista ndiye alinifungua macho. Tulikuwa tunaosha sanduku na sabuni. Akasema, "Kununua dawa ni ya serikali kubwa. Kuiweka na kuileta ni ya kaunti. Zote zinataka kuandikwa kwa bajeti. Kama haijaandikwa, tunaishi kwa huruma, na huruma huenda likizo."

"Basi waambie, Sista."

"Mimi nimeajiriwa na wao. Nikisimama watasema naomba kazi yangu iwe rahisi. Wewe ni mwananchi. Tangazo liko kwa mlango wa chifu, Alhamisi wanakuja kuuliza watu wanataka nini kwa bajeti."

"Na friji ikija, Sista, mimi nitabeba nini?"

Alisuuza sanduku, akaipindua ikauke. "Hakuna."

Akanipa chupa mbili. Zote zilikuwa zimepita tarehe, za kufundishia tu. Moja ilikuwa nzima. Ingine ndiyo ile ya friji ya harambee.

Tangu Jumatatu mpaka Alhamisi sikukaa kwa kiti. Nilitembea kuzunguka nyumba mpaka mwenye nyumba akauliza nimepoteza nini. Nilikuwa na mambo mbili kichwani. Moja, naenda kuomba nifutwe kazi. Ya pili, mimi mgeni, kijana, wa darasa la nane, nitasimama mbele ya watu wazima niseme friji ya Mzee Njiru ni mbaya. Hapa mtu mdogo hamrekebishi mzee mbele ya watu. Unamfuata nyumbani na sukari, unaongea mambo ya mvua, unaondoka hujasema.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza, Mheshimiwa wetu wa wadi, na afisa wa kaunti na karatasi zake. Watu wakaanza. Barabara. Josho la ng'ombe. Barabara. Taa za soko. Kijana mmoja akaomba uwanja kama wa Kinoru kule Meru, Mheshimiwa akamwambia aanze kwanza na mpira. Mimi nikainua mkono, nikasema chanjo. Mheshimiwa akatabasamu, "Kijana, chanjo ni mambo ya wafadhili, hiyo tusiguse, tutawakasirisha." Watu wakacheka. Mzee Njiru akasimama, na akisimama watu wananyamaza hata kama wamemaliza shule miaka arobaini.

"Mambo ya friji tulimaliza sisi wenyewe," akasema. "Hatukungoja serikali. Na kama kunahitajika ingine, tutafanya harambee ingine. Sisi si watu wa kuomba."

Makofi. Makofi mazito. Nikaona mlango uko karibu sana.

Nikatoa hizo chupa mfukoni. Nikasema, "Mzee, kabla ya harambee, nisaidiwe kuungama." Watu wakacheka, wananijua kwa mdomo. Nikasema, "Mnakumbuka kile kiangazi Sista aliwarudisha nyumbani, akasema dawa haikufika salama? Ilikuwa salama mpaka Gachoka. Mimi ndiye niliiua. Nilitia barafu ya buchari, ya chini ya matumbo, nikagandisha dawa yote. Nilikuwa nyuma ya tangi mkirudi."

Nilitafuta Ciarunji na macho, sikutaka, lakini macho ilienda peke yake. Alikuwa safu ya pili.

Nikasema, "Dawa ikiganda inakufa na haionekani. Lakini kuna njia ya kuijua." Nikatikisa chupa mbili kwa mkono moja, zikawa nyeupe zote, nikaziweka mezani mbele ya Mheshimiwa. "Moja iliganda, ingine hapana. Tuzipatie dakika kidogo. Endeleeni na barabara."

Mheshimiwa akaendelea na barabara. Lakini jamani, ushawahi kuongea na mkutano ambao hauangalii uso wako? Watu wote walikuwa wanaangalia meza. Wa nyuma wakasimama. Wa kando wakapanda viti. Alitaja murram, akataja karavati, akataja mpaka madaraja mawili, hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilikuwa nasimama mguu huu, nasimama ule, naomba kimoyomoyo dawa isinichezee leo. Cucu mmoja wa mbele, bibi mzee mdogo kama kifaranga, akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia meza.

"Imeketi!" akapiga kelele. "Hii ya kushoto imeketi! Juu ni maji!"

Mkutano ukaenda mezani wote. Mheshimiwa alisukumwa na kiti chake. Mzee Njiru akavaa miwani, akainama, akaangalia ya kushoto, akaangalia ya kulia, akarudi ya kushoto.

"Hii iliganda wapi?" akauliza. "Kwa barafu yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nawaambia ukweli, ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikasema, "Yangu Sista alitupa, Mzee. Hii iliganda kwa friji yetu."

Aliendelea kuinama pale, mikono kwa magoti.

Ciarunji ndiye aliongea. "Mmeru."

"Mama."

"Kwa hivyo siku ile nilirudi na watoto mpaka ng'ambo kwa sababu yako."

"Ndiyo mama."

"Na nikakuuliza mara ngapi, na unaniambia ni serikali."

"Mara mingi mama. Samahani."

"Samahani weka hapo. Sasa keti chini, niongee mimi."

Nikaketi. Ndiyo siku moja mguu haikutetemeka.

Akasema, "Mimi nilitoa pojo, na sijuti. Mzee Njiru alitutoa aibu wakati hakuna mtu mwingine alikuwa anatuangalia. Lakini harambee ni ya kitu inatokea mara moja. Mtu hufa mara moja, tunachanga, tunazika. Sasa watoto? Sisi hapa tunazaa kila wiki. Mimi peke yangu niko na moja njiani. Tutachanga kila Jumanne? Tukichoka, mtoto wa wiki hiyo ambayo tumechoka ni wa nani?" Akamgeukia yule afisa. "Wewe mwenye kalamu. Kodi mnachukua kwa unga, mnachukua kwa chumvi, mnachukua kwa sabuni ya mtoto. Hiyo si sisi tunachanga? Basi harambee tumeshafanya. Leteni friji."

Hapo Mzee Njiru akanyooka, akavua miwani, akazunguka meza, akasimama nyuma ya yule afisa kama mwalimu wa zamu wakati wa mtihani.

"Andika," akasema.

"Mzee, tutachukua maoni yote..."

"Andika friji ya chanjo, ile yenyewe, si ya maziwa. Andika ya kuileta dawa kila mwezi. Andika watusemee huko juu dawa inunuliwe kabla iishe. Mimi nasimama hapa nikiona kalamu."

Akaandika. Mheshimiwa naye akasema hilo ndilo wazo alikuwa nalo tangu asubuhi.

Msidhani ilikuja kesho. Ilipita mwaka na zaidi. Nilikuwa naenda kwa mlango wa chifu kila nikipita, nasoma matangazo ya ng'ombe waliopotea. Tulirudi mkutano wa pili, kwa sababu ile mstari ilikuwa imetolewa pahali ikawekwa ya taa, na Ciarunji akaja na akina mama wa ng'ambo wote na watoto wanalia, akamwambia afisa awanyamazishe kwa hizo taa. Ikarudishwa. Hiyo ndiyo nataka mshike, hata mkisahau ingine yote: bajeti ni ya mwaka moja. Ukishinda leo, mwaka ujao karatasi ni nyeupe tena. Hakuna mtu atakuita. Uliza tarehe, enda mapema, kaa mbele, na ukienda usiende peke yako. Na barafu itoe jasho.

Friji ilikuja ya jua, na vioo vyake vya juu ya paa, ya kufungulia juu kama sanduku. Sista alifunga kufuli, ufunguo ukaingia shingoni mwake. Ile ya harambee ilihamia kanisani, na Mzee Njiru akaenda nayo, ameshika mlango isifunguke. Sasa soda za harusi ni baridi, na hakuna mtu anagombana. Mzee hakuwahi kuniambia kitu juu ya siku ile. Aliniletea jogoo tu.

Gari ya kaunti ilileta dawa ya mwezi mzima, ikaenda. Sista akanipa mkono, akataka kusema kitu, akasema nipeleke sanduku ioshwe.

Jumanne iliyofuata niliamka, nikavaa jaketi, nikawasha, na nilikuwa nimepita Gachoka kabla nikumbuke hakuna mahali naenda. Nikageuza. Nilikuwa na hasira na sijui na nani. Barabara ilikuwa vumbi, jua inaanza, mgongo wangu umezoea mshipi na hakuna mshipi. Karibu na dispensari nikakutana nao wanarudi, safu ndefu, akina mama wa ng'ambo, watoto mgongoni wanalia kila mtu na sauti yake, vile mtoto analia akishadungwa, kwa hasira, si kwa ugonjwa.

Ciarunji alikuwa mbele na yule mdogo mpya. Akaniona nimesimamisha.

"Wewe unaenda wapi?"

"Naja kliniki."

"Umechelewa," akasema, hajapunguza mwendo. "Sisi tumemaliza."